Bila Kadi ya Kulipwa: Rekodi Tisa za Mabingwa wa Snuka ya Ridhaa

Ligi ya kulipwa ya snuka ina wachezaji wachache mno, na kila mmoja wao ana kadi ya uanachama. Nje ya kundi hilo kuna bahari ya watu wa ridhaa: watumishi wa zimamoto, wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wanafunzi wa sekondari, na vijana waliopokonywa kadi zao wakaanza upya. Siku hizi mchezaji wa ridhaa anaweza kushinda fedha, hata fedha nyingi. Kinachomtofautisha ni kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, basi. Na huko nje ya orodha ndiko ziliko rekodi za kushangaza kuliko zote. Hizi hapa tisa, kuanzia mkiani.

9. Meza kubwa zaidi

Tuanze na uwanja wenyewe, kwa sababu asiyeijua meza hatapata utamu wa takwimu nyingine. Meza kamili ya snuka ina futi 12 kwa 6. Chukua vitanda viwili vya sita kwa sita, viunganishe kichwa kwa miguu: hiyo ndiyo meza moja! Meza ya pool tuliyoizoea kwenye baa za Dar es Salaam na Nairobi ina urefu wa futi 7, na ukubwa wake unaingia karibu mara tatu ndani ya meza ya snuka. Chini ya kitambaa cha kijani kuna mabamba ya mawe, na uzito wa meza nzima unapita tani moja, yaani zaidi ya Toyota Vitz.

Juu ya uwanja huo kuna mipira 22, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha milimita 52.5: mweupe wa kupigia, 15 myekundu yenye pointi moja moja, na sita ya rangi nyingine. Wa njano una pointi 2, mweusi una 7. Unatumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Ukikosa, unakaa kwenye kiti na kumtazama mwenzako. Hakuna kocha anayeruhusiwa kukunong'oneza kitu wala mchezaji wa akiba wa kukupokea.

8. Shindano kongwe zaidi

Snuka ilianzia Jabalpur, India, mwaka 1875, kwenye kantini ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Lakini shindano lake kongwe kuliko yote duniani ni la ridhaa: Ubingwa wa Ridhaa wa Uingereza, lililochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1916. Mwaka huohuo, Septemba, majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam na kuwatoa Wajerumani. Yanga ilikuwa bado miaka 19 kuzaliwa, na ligi ya Tanzania Bara bado miaka 49 kuanza.

Mabingwa wa kulipwa walisubiri hadi 1927 ndipo wakapata shindano lao la dunia. Watu wa ridhaa wamewatangulia kwa miaka 11, na hakuna atakayewapokonya hiyo.

Ubingwa wa dunia wa ridhaa ulifuata mwaka 1963 huko Calcutta, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Gary Owen, mtumishi wa zimamoto kutoka Birmingham. Aliutetea ubingwa wake Karachi mwaka 1966 na akashinda tena.

7. Kisiwa kidogo, kombe kubwa

Malta ni nchi yenye kilomita za mraba 316. Pemba peke yake ina takriban 988, yaani Malta inaenea ndani ya Pemba mara tatu na nafasi inabaki. Kwa watu nako, sensa ya 2022 iliipa Pemba wakazi zaidi ya 543,000. Malta, nchi nzima yenye kiti chake Umoja wa Mataifa, ina watu wapatao nusu milioni.

Kutoka huko alitokea Paul Mifsud. Mwaka 1985 alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa Blackpool, Uingereza. Mwaka uliofuata fainali zilihamia Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini kabisa ya New Zealand. Akasafiri hadi huko na kulibakiza kombe mikononi mwake. Mataji mawili ndani ya miaka miwili, upande huu wa dunia na upande ule!

Iceland nayo ilikaribia. Mwaka 1994 mjini Johannesburg, taifa hilo ambalo wakati ule halikufikisha watu laki tatu lilimpeleka Jóhannes R. Jóhannesson fainali. Akafungwa fremu (yaani michezo midogo inayounda mechi) 11 kwa 9 na Muhammad Yousuf wa Pakistan, taifa la watu zaidi ya milioni mia moja. Tofauti ya fremu mbili tu.

6. Subira ndefu zaidi

Stuart Bingham alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1996 huko Hamilton, New Zealand. Mwaka 1997 fainali zilikuja Afrika, Bulawayo, na akafika tena hatua ya mwisho. Mechi ilikwenda hadi fremu ya mwisho kabisa, 10 kwa 10, na Marco Fu wa Hong Kong ndiye aliyeondoka na kombe, 11 kwa 10.

Baada ya hapo Bingham alicheza miaka nenda miaka rudi kwenye ligi ya kulipwa bila kuligusa kombe la dunia. Lilikuja 2015, akiwa na miaka 38, alipomfunga Shaun Murphy fremu 18 kwa 15. Kati ya taji lile la ridhaa na hili la kulipwa ilipita miaka 19. Mtoto aliyezaliwa wiki ya fainali ya Hamilton alikuwa na umri wa kumaliza kidato cha sita.

Ila kwa kuacha mchezo na kurudi, nampa taji Cliff Wilson. Huyu alitoka Tredegar, mji wa Wales wenye watu wapatao 15,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ungeumeza mji mzima mara nne. Alikuwa bingwa wa vijana miaka ya hamsini, akawa na uhasama mkali wa mezani na kijana mwingine wa mji huohuo aliyeitwa Ray Reardon. Kisha akaweka fimbo chini, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha chuma, asicheze kwa takriban miaka 15. Wakati yeye yuko kiwandani, Reardon alikuwa anakusanya ubingwa wa dunia wa kulipwa. Alimaliza na sita. Wilson alirudi mezani, na mwaka 1978 huko Malta, akiwa na miaka 44, akamfunga Joe Johnson na kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa. Johnson huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1986. Mabingwa wawili wa dunia kutoka mji mmoja unaojaza robo tu ya uwanja: sijui mji mwingine wa kuulinganisha na Tredegar.

5. Zamu kamilifu, mikono michanga

Namba takatifu ya snuka ni pointi 147 katika zamu moja. Unaipata hivi: mipira 15 myekundu, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, halafu sita ya rangi kwa mpangilio. Jumla ni mipira 36 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Mpiga penalti akifunga tano kati ya tano tunamwita shujaa. Hapa anatakiwa apige 36, na kila pigo aweke mpira mweupe mahali pa kupigia pigo linalofuata.

Mchezaji wa kwanza wa ridhaa kufanya hivyo katika mashindano rasmi alikuwa Geet Sethi wa India, kwenye mashindano ya taifa lake. Mwaka 1991 mvulana mmoja aliifikia 147 katika Ubingwa wa Ridhaa wa Uingereza akiwa na miaka 15 na siku 98. Jina lake lilikuwa Ronnie O'Sullivan. Likumbuke, litarudi.

Rekodi ya O'Sullivan ilionekana ya kudumu. Ilidumu miaka 13! Mwaka 2004 Judd Trump alipiga 147 katika mashindano ya vijana wasiozidi miaka 16, akiwa na umri wa miaka 14 na siku 206. Alimzidi O'Sullivan kwa siku 257. Kwa umri huo mwanafunzi wa kwetu yuko kidato cha kwanza au cha pili.

4. Ngazi ya watoto, na mzee aliyesimama chini yake

Hii ndiyo orodha inayonifurahisha kuliko zote, kwa jinsi ilivyojipanga yenyewe. Ni umri wa baadhi ya mabingwa wa dunia wa ridhaa siku walipotwaa kombe.

Miaka 18: Jimmy White, Launceston, Australia, 1980. Wakati ule dunia ilidhani mdogo kuliko huyo hawezi kutokea.

Miaka 17: Hossein Vafaei wa Iran, Bangalore, 2011.

Miaka 16: Ahsan Ramzan wa Pakistan, Doha, Machi 2022.

Miaka 15: Zhou Yuelong wa China, Daugavpils, Latvia, 2013. Katika fainali Zhou alimfunga fremu 8 kwa 4 Mchina mwenzake wa miaka 16, Zhao Xintong. Ukijumlisha umri wa wote wawili hupati hata umri wa kustahili kugombea urais wa Tanzania, ambao ni miaka 40.

Miaka 14: Yan Bingtao wa China, Bangalore, 2014.

Kumi na nne! Yan alizaliwa Februari 2000. Fainali yake dhidi ya Muhammad Sajjad wa Pakistan ilikuwa ya kufika fremu nane, ikaenda hadi fremu ya mwisho inayowezekana, 7 kwa 7. Katika fremu hiyo moja mtoto asiyeruhusiwa kuendesha gari alitakiwa amshinde mtu mzima mwenye fimbo ya miaka mingi. Akashinda 8 kwa 7.

Sasa geuza ngazi uitazame kutoka upande wa pili. Muhammad Asif wa Faisalabad, Pakistan, alishinda kombe hilohilo Sofia mwaka 2012 akiwa na miaka 30, akimfunga Mwingereza Gary Wilson fremu 10 kwa 8. Alilichukua tena Antalya mwaka 2019. Na mwaka 2024, Doha, akalichukua mara ya tatu akiwa na miaka 42, ambayo ni mara tatu kamili ya umri wa Yan. Kandanda haiwezi kutoa jozi kama hii, bingwa wa dunia wa miaka 14 na bingwa wa dunia wa miaka 42 katika shindano moja, ndani ya miaka kumi tu. Mwili hauchuji watu wa snuka. Anayewachuja ni mpira mweupe.

3. Mshtuko mkubwa zaidi wa siku moja

Ukumbi wa Crucible, Sheffield, ndiyo nyumba ya ubingwa wa dunia wa kulipwa tangu 1977. Kwa miaka 42 hakuna mchezaji wa ridhaa aliyewahi kufuzu kuingia humo kucheza. Wa kwanza alikuwa James Cahill, 2019, kijana wa miaka 23.

Kura ikampa mpinzani wa raundi ya kwanza: Ronnie O'Sullivan, yuleyule wa siku 98, sasa akiwa namba moja duniani na bingwa wa dunia mara tano. Cahill alishinda 10 kwa 8. Raundi iliyofuata alitolewa na Stephen Maguire kwa fremu moja tu, 13 kwa 12. Maguire mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 2000.

2. Safari ndefu zaidi ya kombe moja

Zhao Xintong tumeshakutana naye akifungwa fainali Latvia. Alifungwa nyingine mwaka 2015 Hurghada, Misri. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa. Akaingia ligi ya kulipwa, akashinda mashindano makubwa, kisha akafungiwa miezi 20 katika kashfa iliyowakumba wachezaji kadhaa wa China. Yeye hakupanga matokeo ya mechi yake mwenyewe, ila alikiri kuhusika na mechi za mwenzake na kucheza kamari. Adhabu ilikuwa ya haki. Iliisha Septemba 2024, na Zhao akarudi bila kadi: mtu wa ridhaa tena, kwenye foleni ya mwisho kabisa.

Bingwa aliyepangwa moja kwa moja Crucible hushinda mechi tano kutwaa kombe. Mwaka 2025 Zhao ilimbidi ashinde tisa, kwa sababu zilitangulia nne za mchujo. Hesabu fremu alizoshinda: mchujo 40, kisha 10, 13, 13, 17 na 18. Jumla 111! Bingwa wa kawaida hutosheka na 71. Zhao alishinda fremu 40 zaidi, na fremu moja huweza kuchukua nusu saa.

Katika nusu fainali alimkuta nani? O'Sullivan, sasa bingwa wa dunia mara saba. Akamfunga 17 kwa 7, na kipindi cha mwisho cha mechi hakikuchezwa kwa kuwa hakikuhitajika. Fainali, Mei 2025, alimfunga Mark Williams wa Wales 18 kwa 12. Williams alikuwa na miaka 50, mzee kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheza fainali katika ukumbi huo. Zhao alikuwa na 28.

Mtu wa ridhaa wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa. Mchina wa kwanza. Mwasia wa kwanza. Zawadi ilikuwa pauni 500,000, zaidi ya shilingi bilioni 1.5 za Tanzania. Na waliokuwa ndani ya ukumbi kushuhudia hawakufika elfu moja, maana Crucible ina viti 980 tu. Ungehitaji zaidi ya kumbi 61 za namna hiyo kujaza uwanja wa Mkapa.

Wengi wangemweka Zhao kileleni. Mimi namweka wa pili, na sababu ni jina la mtu aliyemfunga Hurghada.

1. Kabati lililojaa kuliko yote

Pankaj Advani alizaliwa Pune, India, mwaka 1985. Sehemu ya utoto wake ilikuwa Kuwait, kisha familia ikahamia Bangalore, ambako alifundishwa na Arvind Savur. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikwenda Jiangmen, China, akarudi na ubingwa wa dunia wa ridhaa wa snuka. Mwaka 2015 alimfunga Zhao fainali 8 kwa 6. Mwaka 2017, Doha, alimfunga Amir Sarkhosh wa Iran 8 kwa 2. Kati ya taji la kwanza na la tatu kuna miaka 14. Hakuna bingwa wa kombe hilo aliyeshinda kwa muda mpana kuliko huo. Asif, aliyemfikia kwa idadi ya mataji matatu, ametumia miaka 12. Akilitwaa tena atampita Advani kwa idadi na huenda kwa muda pia, na hilo ni pambano la kulifuatilia.

Lakini snuka ya mipira 15 myekundu ni chumba kimoja tu cha nyumba ya Advani. Kuna snuka ya mipira sita myekundu, ambayo ni ya kasi: huko nako amewahi kuwa bingwa wa dunia. Kuna biliadi, mchezo mzee kuliko snuka, wenye mipira mitatu tu juu ya meza ileile, ambamo pointi huja kwa kugonganisha mipira pamoja na kuitumbukiza. Huchezwa kwa namna mbili, ya kufika idadi ya pointi na ya kushindana na saa. Mwaka 2005 huko Malta, Advani alishinda ubingwa wa dunia wa zote mbili kwa mpigo. Mkenya aelewe hivi: ni sawa na mtu mmoja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 na wa marathoni. Juu yake weka dhahabu mbili za Michezo ya Asia katika biliadi, Doha 2006 na Guangzhou 2010.

Alijaribu ligi ya kulipwa kuanzia 2012, na mwaka 2013 akafika robo fainali ya Welsh Open. Mwaka 2014 akairudisha kadi kwa hiari yake na kurudi India kwenye michezo yake miwili. Hilo ndilo linaloipa thamani nafasi hii ya kwanza. Zhao alicheza ridhaa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Advani alikuwa ndani, akatoka.

Novemba 2024, Doha kwa mara nyingine, alishinda ubingwa wa dunia wa biliadi. Ulikuwa ubingwa wake wa dunia wa 28 ndani ya miaka 21. Weka namba hiyo kando ya makabati tunayoyajua. Hadi mwisho wa mwaka huo, Gor Mahia ilikuwa na mataji 21 ya ligi ya Kenya. Simba ilikuwa na 22 ya Tanzania Bara. Yanga, klabu iliyoanzishwa 1935, ilikuwa na 30. Mtu mmoja mwenye fimbo ameshawapita Gor Mahia na Simba, na Yanga yenyewe ilikuwa mbele yake kwa mataji mawili tu!